Msimu wa kuigiza wa timu kongwe za besiboli: jinsi ya kupata vinara wa takwimu hatua kwa hatua

Habari zenu wadau. Huu mwongozo ni wa wale wanaocheza besiboli ya kuigiza, iwe ya kadi na dadu mezani au ya kwenye kompyuta, na wameamua kuchukua timu za zamani zile zilizotisha, kila moja na mwaka wake, wakaziweka kwenye ligi moja zipambane msimu mzima. Ligi ikiisha, msimamo wa timu watu wanauangalia mara moja wanaridhika, lakini kwenye vinara ndo mjadala unawaka: nani kapiga homurani nyingi, nani ana wastani mkubwa, mrushaji gani kafungwa mikimbio michache. Na hapo ndo ligi nyingi zinaharibika, mana mtu anachukua namba zake anazipanga kutoka kubwa kwenda ndogo anasema tayari, kumbe kinara wake kacheza mechi chache tu, au ni mtu wa benchi aliyepangwa kila siku wakati kwenye maisha halisi hakuwa hivo. Msimamo wangu mimi ni huu: orodha ya vinara unaitengeneza kabla dadu haijarushwa hata mara moja. Sheria zako za nani anacheza, anacheza kiasi gani na nani anahesabika, hizo ndo zinaamua. Hesabu za mwisho ni nyepesi mno.

Kwa waliozoea soka tu, maneno machache kwanza tuelewane. Mrushaji anarusha, mpigaji anapiga. Akipiga akafika beisi salama bila kosa la wapinzani, hiyo ni hiti. Mpira ukivuka uzio akazunguka beisi zote nne, hiyo ni homurani. Kila anayerudi nyumbani ni mkimbio mmoja. Mpigaji au mkimbiaji akitolewa, hiyo ni auti. Auti tatu zinamaliza zamu ya timu, timu zote mbili zikipata zamu hiyo ni iningi moja, na mechi ina iningi tisa. Kila mtu anaposimama kupiga ni zamu moja, tunaiandika PA. Lakini kuna zamu ambazo hazihesabiwi kwenye wastani, kama kupewa beisi ya bure baada ya mipira minne mibaya (BB), kugongwa na mpira (HBP), au kujitoa mhanga ili mwenzako asogee. Ukizitoa hizo unabaki na AB, na wastani wa kupiga ni hiti ugawanye kwa AB. Kwa leo inatosha hiyo.

Hatua ya 1: chagua timu, na chagua nane

Nane ina sababu yake. Miaka mingi ligi zote mbili kubwa za Marekani, American League na National League, zilikuwa na timu nane nane, kila timu inakutana na kila mpinzani mara 22, wapinzani saba mara 22 ni mechi 154. Ukichukua nane unapata ratiba hiyohiyo bila kuumiza kichwa, na takwimu zako zinakaa sawa na za wakina Babe Ruth, yule mpigaji mashuhuri wa Yankees, waliocheza misimu ya mechi 154. Mechi 162 zilikuja 1961 kwa American na 1962 kwa National.

Nane zangu, na ndo ntazitumia kwenye mifano yote: Chicago Cubs 1906 (walishinda 116 wakapoteza 36), New York Yankees 1927 (110-44), Philadelphia Athletics 1931 (107-45), Cleveland Indians 1954 (111-43), Yankees 1961 (109-53), St. Louis Cardinals 1968 (97-65), Baltimore Orioles 1970 (108-54) na Cincinnati Reds 1975 (108-54). Kumbuka nne kati ya hizo, yaani Cubs, Athletics, Indians na Cardinals, zilipoteza World Series, yani fainali ya ubingwa, ya mwaka huohuo, kwaiyo usichague timu kwa kombe peke yake, angalia wachezaji.

Hizo namba za ushindi ziandike pembeni, tutazirudia mbele mana zina jambo kubwa.

Hatua ya 2: amua urefu wa msimu

Mechi 154 kwa timu nane ni mechi 616. Kwenye kompyuta ni dakika chache tu. Kwa dadu, mechi moja inaweza kula nusu saa au zaidi, kwaiyo piga hesabu mwenyewe kama una huo muda. Ukikutanisha kila timu mara nane unapata mechi 56 kwa timu, jumla 224, huo mtu mmoja anaumaliza.

Ila ujue unalipa nini. Msimu mfupi unazaa vinara wa ajabu. Mpigaji ambaye kiwango chake halisi ni .300 (hiti tatu kwa kila AB kumi), akipata AB 550, bahati peke yake inamyumbisha kama pointi 20 (.020) juu au chini, yani .280 mpaka .320 ni kawaida kabisa. Huyohuyo akipata AB 200 tu, bahati inamyumbisha pointi 32. Sasa ukiwa na wapigaji sitini na zaidi kwenye ligi, lazima kuna mmoja atamaliza na namba ya kutisha na wala kadi yake, ile inayobeba takwimu zake halisi, haina kosa. Hesabu yenyewe: chukua wastani wake, zidisha kwa moja toa wastani huo, gawanya kwa AB, tafuta kipeuo cha pili. Iweke kwenye shiti yako, ntaeleza mwishoni inavofanya kazi.

Hatua ya 3: sheria za matumizi ya wachezaji

Hapa usiharakishe, na kama kuna kitu kimoja tu utabeba kwenye mwongozo huu basi iwe hiki.

Angalia Yankees 1961. Kila mtu anawajua Roger Maris na homurani zake 61 na Mickey Mantle na 54. Sasa benchi lao lilikuwa na jamaa anaitwa Johnny Blanchard, kwenye AB 243 alipiga homurani 21 na wastani wa .305. Kadi yake inatengenezwa kutokana na hizo 243, na kadi haijui kwamba kocha alikuwa anamchagulia siku. Ukimpanga kila siku mpaka AB 550, kwa mwendo uleule anakwenda homurani 47 na ushee, anaingia kwenye vinara watano wako, anawatoa watu waliobeba msimu mzima mabegani. Hiyo orodha haina heshima tena.

Kwaiyo weka kikomo: mchezaji asizidishe asilimia 110 ya PA zake halisi, ukirekebisha kwa urefu wa msimu wako. Yani kama alikuwa na PA 400 kwenye mechi 154 na wewe unacheza 56, basi 400 mara 56 gawanya 154 ni 145, ongeza asilimia kumi ni 160. Ikifika hapo anakaa benchi mpaka mchujo wa ubingwa. Warushaji vivohivo, kwao unatumia iningi. Bob Gibson 1968 alianza mechi 34 akarusha iningi 304 na theluthi mbili, akamaliza mwenyewe mechi 28, mtu huyo mpe kazi anayostahili, lakini mrushaji wa akiba aliyerusha iningi 40 nzuri usimgeuze kuwa Gibson.

Mambo mengine ya kuamua siku hiyohiyo, andika kwenye karatasi ubandike ukutani. Mpigaji maalumu wa kumpigia mrushaji alianza American League mwaka 1973, na kati ya timu zetu nane hakuna hata moja iliyomtumia, Reds 1975 walikuwa National League. Basi warushaji wapige wenyewe. Mpira wa juu unaokamatwa huku mwenzako anakimbia akafunga mkimbio, sheria ya kutouhesabu kama AB imekuwa inaondolewa na kurudishwa, ikarudi ikatulia 1954, kwaiyo Athletics 1931 walicheza bila hiyo. Wewe tumia sheria ya sasa kwa timu zote. Na kuhusu kuokoa mechi, ile takwimu ya warushaji wa mwisho, imekuwa rasmi 1969 tu, kwa ligi yenye timu ya 1906 mimi naiacha kabisa, warushaji wa zamani walikuwa wanamaliza kazi zao.

Hatua ya 4: andaa shiti kabla ya mechi ya kwanza

Fungua Excel au Google Sheets, au daftari la mistari kama huna kompyuta. Shiti mbili, wapigaji na warushaji. Kila mchezaji mstari mmoja.

Jina liende na mwaka. Usiandike Maris, andika Maris 1961, mana Roger Maris alimaliza maisha yake ya mpira na Cardinals 1968 na yumo kwenye timu hiyo, msimu huo alipiga homurani 5 tu. Ligi yetu ina Maris wawili. Ukiandika jina tupu, shiti itawajumlisha pamoja na utapata kinara ambaye hajawahi kuzaliwa. Ukiongeza timu za ligi za Weusi kama Pittsburgh Crawfords 1935, unakuwa na Josh Gibson na Bob Gibson pia, mmoja mpigaji mmoja mrushaji, jina la kwanza liwepo.

Kolamu za wapigaji: mechi, PA, AB, mikimbio, hiti, hiti za beisi mbili (2B), za beisi tatu (3B), homurani (HR), mikimbio aliyoileta (RBI), BB, HBP, kujitoa mhanga, beisi za kuiba, yani kukimbilia beisi inayofuata bila mwenzake kupiga (SB), straikauti, yani kutolewa kwa makosa matatu ya kupiga.

Kwa warushaji weka ushindi, kupoteza, mechi alizoanza, alizomaliza, hiti, BB, straikauti, mikimbio yote, mikimbio halali yani isiyotokana na makosa ya wenzake uwanjani, na kolamu moja muhimu kuliko zote: AUTI. Usiandike iningi, andika auti. Sababu iko hivi, iningi zinaandikwa 6.2 kumaanisha sita na theluthi mbili, sasa shiti yako haijui hilo, ukijumlisha 6.2 na 6.2 itakupa 12.4 wakati jibu ni 13.1, yani kumi na tatu na theluthi moja. Ukiandika auti 20 na auti 20 unapata 40, gawanya kwa tatu, umemaliza. Kosa hili linajificha mwezi mzima halafu linaharibu kila mrushaji kwenye orodha.

Hatua ya 5: rekodi kila mechi, na ihakiki papo hapo

Mfano wa mchezo wa kadi wa Strat-O-Matic, uliotoka 1961. Dadu tatu zinarushwa pamoja. Moja ya rangi tofauti inakuambia usome kadi gani: ikitoka 1 mpaka 3 unasoma kadi ya mpigaji, 4 mpaka 6 unasoma ya mrushaji. Nyingine mbili unajumlisha zinakupa mstari wa kusoma. Kwaiyo nusu ya maisha ya mpigaji iko mikononi mwa mrushaji, hili likumbuke tutakapofika kusoma vinara.

Ukimaliza mechi, kabla hujainuka kwenye kiti, fanya hakiki hii. Kwa kila timu, jumlisha AB, BB, HBP na kujitoa mhanga. Halafu upande wa pili jumlisha mikimbio waliyofunga, wakimbiaji walioachwa kwenye beisi, na auti walizotolewa. Pande mbili lazima zilingane, mana kila aliyesimama kupiga alifunga, au aliachwa kwenye beisi, au alitolewa, hakuna njia ya nne. Mfano timu ina AB 38, BB 4, HBP 1, kujitoa mhanga 1, jumla 44. Wamefunga 6, wameachwa 11, wametolewa auti 27, jumla 44. Safi. Ikija 43 kuna mtu umemruka, rudi kwenye karatasi sasa hivi ukiwa bado unakumbuka. Timu ya nyumbani inayoongoza haipigi nusu ya mwisho ya iningi ya tisa, kwaiyo auti zake zitakuwa 24, usishtuke.

Kila mwisho wa wiki hakiki ya ligi nzima: hiti zote za wapigaji lazima ziwe sawa na hiti zote walizopigwa warushaji, homurani hivohivo, na ushindi wote uwe sawa na kupoteza kote.

Hatua ya 6: piga hesabu

Tumchukue Babe Ruth wa 1927 kwa namba zake halisi, ukizipata hizi kwa fomula zako ujue shiti iko sawa. AB 540, hiti 192, 2B 29, 3B 8, HR 60, BB 137, hakugongwa na mpira hata mara moja.

Wastani: 192 gawanya 540 ni .356.

Kufika beisi (OBP): hiti na BB na HBP, ugawanye kwa AB na BB na HBP na zile za kujitoa mhanga kwa mpira wa juu. Kwake 329 gawanya 677, ni .486. Yani karibu nusu ya mara alizosimama pale alifika beisi, jamani.

Nguvu ya kupiga (SLG): hesabu beisi zote. Hiti za beisi moja ni 192 toa 29 toa 8 toa 60, zinabaki 95. Halafu 95, jumlisha 29 mara mbili, 8 mara tatu, 60 mara nne, unapata 417. Gawanya kwa 540 ni .772.

Mrushaji sasa, Gibson 1968. Auti 914, mikimbio halali 38. ERA, yani mikimbio halali kwa kila iningi tisa, ukitumia auti ni mikimbio mara 27 gawanya auti: 38 mara 27 ni 1,026, gawanya 914, unapata 1.12. Mwaka unaofuata besiboli ikashusha kilima cha warushaji kutoka inchi 15 mpaka 10, wapigaji walikuwa wameteseka mno, bingwa wa wastani wa American League 1968, Carl Yastrzemski, alishinda kwa .301 tu.

Hatua ya 7: nani anahesabika

Kwa takwimu za kujumlisha kama homurani, RBI, straikauti na ushindi, hakuna kiwango cha chini, kila mtu anaingia. Kwa takwimu za wastani lazima kiwango. Kanuni ya ligi kuu ni PA 3.1 kwa kila mechi ya timu kwa wapigaji, na iningi 1 kwa kila mechi ya timu kwa warushaji. Mechi 162 ni PA 502, mechi 154 ni 477, mechi zako 56 ni 174 na iningi 56, ambazo ni auti 168.

Kwanini PA na sio AB? Jibu liko kwenye timu yetu mojawapo. Mwaka 1954 Ted Williams wa Boston alipiga .345, lakini alikuwa na AB 386 na sheria ilitaka 400, na sababu kubwa ya kupungukiwa ni kwamba warushaji walimkwepa wakampa beisi za bure 136. Ubingwa wa wastani akapewa Bobby Avila wa Cleveland kwa .341. Mtu ananyimwa ubingwa kwa sababu wapinzani wanamwogopa, hapana, na baadae sheria ikabadilishwa ikaangalia PA. Kwenye ligi ya kuigiza yenye Ruth na Mantle hili litakutokea mapema sana, hao watu wanapewa beisi za bure kila siku.

Na aliyepungukiwa kidogo usimfute. Kuna njia nzuri: mwongezee AB za kukosa mpaka afike kiwango, kama bado anaongoza basi ni bingwa. Tony Gwynn wa San Diego 1996 alikuwa na PA 498, amepungukiwa nne. Hiti 159 kwa AB 451, .353. Wakamwongezea AB nne za kukosa, ikawa 159 kwa 455, .349, bado yuko juu ya Ellis Burks mwenye .344, akapewa ubingwa. Hii iweke kwenye shiti kama kolamu, ni haki kwa kila mtu.

Hatua ya 8: wanaofungana

Wastani unaandikwa tarakimu tatu ila usiamue kwa tatu. Kwenye Yankees 1927 hiyohiyo, Earle Combs alikuwa na hiti 231 kwa AB 648. Ukiandika inakuja .356, sawa na Ruth kwa macho. Fungua tarakimu ya nne: Combs .3565, Ruth .3556. Combs yuko mbele. Hata ubingwa wa kweli ulishaamuliwa hivo, 1949 George Kell wa Detroit alimshinda Ted Williams kwa .3429 dhidi ya .3428, na Williams alikuwa juu kwenye homurani na amefungana kileleni kwenye RBI, akakosa mataji matatu kwa pamoja (wastani, homurani na RBI) kwa unywele. Kwa takwimu za kujumlisha waliofungana waandike wote nafasi moja, na anayefuata arukwe namba, wawili wa 3 basi anayefuata ni wa 5.

Hatua ya 9: zisome namba zako vizuri kabla hujazitoa

Sasa rudi kwenye zile namba za ushindi. Timu zetu nane kwa pamoja, kwenye maisha halisi, zilishinda 866 zikapoteza 394. Kwenye ligi yako zitashinda 616 na kupoteza 616, haiwezekani vinginevyo, mana zinachezana zenyewe. Kuna timu bora ya historia itashika mkia na hilo litamuuma mtu. Kwa hiyo Lefty Grove wa Athletics 1931 aliyeshinda 31 akapoteza 4, usitegemee hilo tena. Zile mechi za kuvuna dhidi ya timu dhaifu hazipo.

Na kwa wapigaji ni hivohivo. Lou Gehrig wa Yankees alipiga .373 na homurani 47 mwaka 1927 akirushiwa na warushaji wa kila aina, wazuri na wabovu. Hapa kila siku anakutana na Gibson wa 1.12, Mordecai Brown wa Cubs mwenye 1.04, Grove mwenye 2.06, na Orioles wenye washindi watatu wa mechi ishirini na zaidi, Cuellar, McNally na Palmer. Kumbuka nusu ya dadu inasoma kadi ya mrushaji. Kwaiyo ukiona kinara wako wa wastani ana .335 usikimbilie kusema mchezo umeharibika. Upande wa pili ERA zitapanda, Gibson anarushia timu mbili za Yankees na Reds wenye Morgan, Bench, Rose na Perez, akimaliza na 2.00 huyo kafanya kazi ya maana sana.

Halafu Cubs 1906. Timu nzima ilipiga homurani 20 msimu mzima. Hutawaona kwenye orodha ya homurani hata ukishuka mpaka wa thelathini, na kama programu yako ina chaguo la kusawazisha enzi, hapo ndo utaona tofauti kubwa, kuna programu inampandisha mpigaji wa 1906 kulingana na alivyokuwa mbele ya wenzake wa enzi zake. Zote mbili ni sawa, mimi napenda bila kusawazisha ili Cubs wacheze mpira wao wa kuiba beisi na kujitoa mhanga, waongoze kwenye orodha za SB. Ila chagua moja useme wazi juu ya orodha, msomaji ajue anasoma nini.

Sasa ile hesabu ya kuyumba. Kwa homurani njia fupi ni kipeuo cha pili cha idadi yenyewe, kwa Ruth ni kati ya 7 na 8. Yani hata bila kubadilisha wapinzani, Ruth wa 60 anaweza kumaliza na 48 au 71 na ikawa ni dadu tu. Kwaiyo kwenye orodha yako weka kolamu ya namba halisi pembeni ya namba ya kuigiza, na tofauti ikiwa ndani ya mara mbili ya kuyumba, usiandike kwamba mtu kashuka kiwango au kapanda. Ikizidi mara mbili, hapo chunguza: kacheza kuzidi kikomo? Kadi ya mwaka mwingine imeingia? Kapangwa dhidi ya warushaji wa mkono wa aina moja tu, wa kulia au wa kushoto?

Hatua ya 10: kutoa orodha

Vinara kumi kwa homurani, RBI, wastani na ERA, watano kwa zilizobaki. Mstari mmoja wa mtu uwe na nafasi, jina na mwaka, timu, namba ya kuigiza, namba halisi. Juu kabisa andika idadi ya mechi zilizochezwa na kiwango cha chini ulichotumia. Toa kila baada ya mechi kama 14 za kila timu, usisubiri mwisho, mana raha ya vinara ni kuona mtu anafukuzwa.

Na ukiwa na nguvu kidogo fungua shiti ya tatu, ya ana kwa ana. Mpigaji kushoto, mrushaji juu, na kila wakikutana unaweka AB na hiti. Kwa msimu wa 154 Ruth na Gibson wanaweza kukutana mara kadhaa ya kutosha kuwa na namba yao wenyewe, na hao ni watu ambao mmoja aliacha kucheza 1935 na mwingine akazaliwa mwaka huohuo 1935. Hiyo ndo orodha watu watakayoisoma kwanza, anza kuijaza kuanzia mechi ya kwanza mana kuirudia nyuma kutoka kwenye karatasi za zamani ni kazi ya siku nyingi.